Tulimpeleka bibi wa Marangu kwenye theluji mwisho wa msimu (uzi mrefu, kaa na chai)

#1 BabaTumaini

Wakuu heshima kwenu. Kila Desemba humu unaibuka uzi wa mtu anayeuliza familia ianzeje kuteleza kwenye theluji Marekani bila kuuza figo, na kila Desemba anajibiwa na watu ambao skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, wameziona kwenye runinga. Mimi sasa nimezivaa. Nimeanguka nazo, nimegombana nazo, na ninavyoandika hapa jicho la kushoto bado linatoa machozi. Nitafika huko.

Tunaishi Aurora, Colorado, jirani na Denver, huu mwaka wa tisa. Milima ya Rocky tunaiona dirishani, na miaka yote hiyo tulikuwa tunaiangalia kama picha ya kalenda. Sababu ni hela, sina haja ya kuficha. Februari nilifungua bei ya tiketi ya siku moja, nikazidisha kwa watu wanne, nikafunga simu nikatoka kwenda kuosha gari.

Aliyetusukuma ni mama mkwe. Alikuja mwanzoni mwa mwaka kumlea mjukuu wa tatu. Ni mtu wa Marangu, ana miaka sabini na tatu. Kazaliwa chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kalima kahawa chini ya Kibo, kila mlima ukifunguka asubuhi anaona ule weupe kichwani, na hajawahi kuugusa hata siku moja. Theluji ya mjini aliipata Machi. Ilianguka usiku, asubuhi akatoka na kanga mabegani, akaichota, akaitazama. Saa sita ilikuwa maji. Akaniambia, "Baba Tumaini, hii siyo. Ya Kibo haiondoki saa sita."

Mke wangu akaniangalia. Wenye wake mnalijua lile jicho.

Tukachagua wikendi ya mwisho ya Aprili. Hapa ndipo nataka wenye familia mnisikilize. Viwanja vingi vya Colorado hufungwa katikati ya Aprili, watu wanahamia kwenye baiskeli na mabustani, ila vile vilivyo juu sana vinaendelea. Arapahoe Basin, ambayo ipo tangu 1946, chini kabisa ni mita 3,286 na kileleni inakaribia 3,980, kwa hiyo mara nyingi inafika Juni. Loveland nayo, iliyokaa juu ya handaki la Eisenhower, kwa kawaida inagusa Mei. Sisi tulikwenda Arapahoe Basin. Tiketi zilishuka, nyumba ya kupanga pale Frisco, mji mdogo huko huko milimani, tuliipata kwa chini ya nusu ya bei tuliyotajiwa Machi, na watoto hawagandi vidole. Mnateleza kwenye jua, koti limefunguliwa zipu.

Makoti na suruali za theluji tuliazima kwa watu wa kanisani. Skii, buti na helmeti tulikodi. Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza. Fomu ya kukodi inakuuliza uzito, urefu, umri, na wewe ni mtelezaji wa aina gani. Mimi nikadhani ni maswali ya sensa. Nikapunguza kilo kumi, si unajua tena, yule kijana wa kaunta alikuwa mwembamba. Kumbe namba zile ndizo wanazotumia kukaza kifungio kinachoshika buti kwenye skii. Ukidanganya uzito, kinalegea, kinaachia kabla ya wakati. Jumamosi nzima mguu wangu wa kulia ulikuwa unaachana na ubao wake kila nikikata kona. Ubao unakwenda zake, mimi nabaki na mguu mmoja kama korongo.

Kosa la pili, soksi mbili. Nilifikiri baridi. Buti la skii ni gumu kama ndoo, ukijaza soksi damu haipiti, na baridi ndiyo inaingia vizuri. Soksi moja ndefu, nyembamba, basi.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Tulifika saa mbili na nusu asubuhi, kifua mbele, tumewahi. Msimu ukiwa mwishoni theluji inayeyuka mchana na kuganda usiku. Saa mbili na nusu ile si theluji, ni sakafu ya vigae iliyoinama. Binti yangu wa miaka saba alikaa chini, akaanza kuteleza kwa makalio taratibu kuelekea maegesho, hana hata ubao mguuni, ananiangalia tu. Tukahangaika saa mbili pale, tukachoka, tukaenda kula. Saa nne na nusu hadi saa sita na nusu, tukiwa tunakula, jua likalainisha juu kidogo, ikawa chembechembe kama chumvi ya mawe, ndiyo theluji ambayo wenyeji wanaisubiri mwaka mzima. Tuliporudi saa saba ilikuwa uji. Skii zinanasa, magoti yanavutwa, kila mtu analowa.

Mwalimu wa watoto anafundisha kwa chakula. Mbao zikikaa sambamba ni "chipsi", unakwenda. Ukikutanisha ncha za mbele na kutanua visigino ni "pizza", unasimama. Nyumbani kwetu pizza si chakula cha kila siku, Tumaini (ana miaka kumi na moja) akasema hiyo ni sambusa. Ikabaki sambusa.

Naingia zamu. Jumapili na habari ya bibi naileta usiku.

#2 Kitorondo

Nakaa hapa. Mkuu usituache njiani kama yule wa hadithi ya lori la Tunduma.

#3 MzeeWaMizani

Hii chai. Mchagga alipe hela aende kuanguka?

#4 BabaTumaini

Mzee, mimi ni Mhehe. Mchagga ni mke wangu, na ndiye aliyepiga hesabu. Wangeniachia mimi tungeenda Februari.

#5 Nyundo ya Nakuru

Wueh! Kilo kumi zimekuangusha mchana kutwa. Lakini msimcheke sana huyu kaka. Sisi Kenya tulimpeleka Philip Boit kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka wa 1998, mtu wa kukimbia, akaingia kilomita 10 za skii. Akamaliza wa mwisho kabisa, na Bjørn Dæhlie wa Norwe aliyeshinda akabaki pale kwenye mstari akimngoja amkumbatie, hata sherehe ya medali ikasubiri. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Halafu 2018, Olimpiki ya baridi ya PyeongChang, tukawa na Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, yeye ni wa milima mikali. Kwa hivyo mambo ya Mwafrika na theluji yana historia.

#6 Mpagazi Mstaafu

Nimepandisha wageni Kilimanjaro miaka mingi kwa njia ya Marangu, kwa hiyo niruhusuni niongee kuhusu bibi. Mtu wa miaka sabini na tatu umempeleka mita 3,286? Kambi ya Mandara kwenye njia yetu ni 2,720, ya Horombo 3,720. Umemweka katikati ya hizo mbili kwa gari, kwa saa mbili, na mwili haujui kama ulikuja kwa gari au kwa miguu. Kuzaliwa Marangu hakumsaidii, kijiji kiko chini sana. Alilala wapi? Alikunywa maji? Kichwa?

Nyongeza kwa wapenda historia: mlima wetu umeshatelezwa. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo na skii, wakateremka nazo. Barafu ya Furtwängler kule juu ina jina la huyo huyo. Tangu mwaka huo wa 1912 hadi 2011 Kibo imepoteza kama asilimia 85 ya barafu yake, kwa hiyo anayetaka kufuata nyayo zake abebe na theluji yake mwenyewe.

#7 BabaTumaini

Mpagazi, shikamoo. Hoja yako ndiyo mke wangu aliisimamia, yeye ni nesi. Denver yenyewe ni mita 1,609 na mama alikuwa ameshakaa miezi karibu mitatu. Ijumaa tulilala Frisco, kama 2,770. Jumamosi hakupanda, alibaki na kichanga (daktari wa mtoto tulimuuliza kabla). Kichwa kilimgonga kidogo usiku wa kwanza, tukamnywesha maji na uji, asubuhi kikaisha. Jumapili ndipo akaja juu, akakaa saa nne tu, tukashuka.

#8 Mpagazi Mstaafu

Marahaba. Hapo sawa. Panda juu, lala chini. Endelea.

#9 BabaTumaini

Haya, Jumapili.

Safari hii tulifika saa tatu na robo, hatukugusa skii. Pale Arapahoe Basin kuna maegesho yaliyo ubavuni mwa mteremko, magari yanageuza mgongo kwenye theluji. Wenyewe wanaiita Ufukwe. Watu wanatoa viti vya kukunja, majiko, muziki, mbwa wenye miwani, kijana mmoja kavaa kaptula na tai. Mtu anashuka mlima, anasimama mita chache kutoka kwenye jiko la mwenzake, anageuza soseji, anarudi kupanda lifti. Mimi nilipoliona lile nikasema hawa ni watu wetu.

Mama mkwe alikuwa kakaa mbele kwenye gari, kanyamaza tangu tulipopinda kutoka Keystone na milima ikaanza kusimama pande zote. Nikamfungulia mlango. Alikuwa na buti za mvua za mke wangu, koti la mtu wa kanisani linalomfika magotini, na kilemba juu yake kofia. Akatoka, akasimama. Akatazama juu kwenye ule ukuta wanaouita Pallavicini, ambao hata wanaojua wanaufikiria mara mbili. Akauliza, "Hii ni ya mwaka huu au ya zamani?" Nikamwambia ya chini ni ya tangu Oktoba, Novemba. Akainama, akafukua kwa vidole ile ya juu iliyochafuka, akafika kwenye nyeupe, akatia mdomoni. Akaitafuna muda mrefu mno.

Watoto wanasubiri tamko. Mimi simu ipo hewani narekodi.

Akasema, "Ina ladha ya friji."

Basi. Akaomba kiti.

Nyama tuliilowesha tangu Ijumaa: tangawizi, kitunguu saumu, papai bichi kidogo. Mishkaki ya ng'ombe. Mama akalichukua jiko, hakumwachia mtu. Saa nne na nusu theluji ilipolainika tukavaa, na saa ile, wakuu, nilielewa kwa nini watu wanahamia Colorado. Niliomba wanipime upya kwenye mizani, nikataja kilo zangu zote kwa sauti, kifungio kikashika. Ukikata kona ile theluji ya chembe inakupa sauti, shshsh, kama mtu anapepeta mchele. Binti alikuwa anashuka kilima cha wanaoanza peke yake, mikono mbele kama anasukuma toroli ya dukani.

Mimi ushujaa ukanipanda. Nikachukua lifti ndefu. Kushuka kwenye kiti tu tayari nikamwangukia mama mmoja wa Kimarekani, tukaombana radhi, lifti ikasimamishwa, mlima mzima unatuangalia. Kurudi chini nilikuja vizuri hadi mita mia za mwisho, pale mteremko unapoangalia Ufukwe. Mbio zikanizidi. Nilichosikia ni sauti ya mama mkwe, amesimama na koleo la mishkaki hewani, kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde:

"SAMBUSA! BABA TUMAINI, SAMBUSA!"

Nikatanua visigino hadi nyonga zikalia. Nilisimama kama hatua tatu kutoka kwenye jiko. Watu wakapiga makofi. Baada ya hapo pale Ufukweni kila aliyeshuka kwa kasi alipigiwa kelele ya sambusa na Wamarekani ambao sambusa yenyewe hawajawahi kuiona.

Jirani yetu wa maegesho, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuja mara tatu kunusa. Mara ya nne mama akamjazia mishkaki kwenye bakuli lake la plastiki lenye mfuniko, alilokuja nalo kutoka Marangu. Mzee akashukuru, akaingia garini kwake, na saa saba na nusu tulipokuwa tunafunga vitu tukakuta ameshaondoka. Na bakuli.

Sasa jicho. Miwani ilikuwa inashika ukungu kwa jasho, nikaivua saa tano, nikateleza bila miwani hadi mwisho. Mke wangu alishanipa na mafuta ya jua asubuhi, nikamjibu sisi watu weusi tunayatumia ya nini. Saa tatu usiku, tumesharudi Aurora, macho yote mawili yakawa kama yamemwagiwa mchanga. Taa ya friji siwezi kuitazama. Na midomo imepasuka, na chini ya kidevu, CHINI ya kidevu jamani, ngozi imebabuka. Mnisaidie, jua linaingiaje chini ya kidevu?

#10 Kipepeo wa Sinza

Nimecheka hadi mtoto kaamka. "Ina ladha ya friji." Bibi apewe maua yake.

#11 Nesi wa Zamu

BabaTumaini, jua hilo lilitoka chini. Theluji ni kioo: ikiwa mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, ndiyo maana watu wanaungua chini ya kidevu na hata ndani ya pua. Ile kuukuu ya Aprili hurudisha pungufu, ila jua la Aprili ni kali kuliko la Januari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kama asilimia 10. Jumlisha mwenyewe.

Weusi wa ngozi ni kinga ya kiasi, si koti la chuma. Na kwenye jicho haukusaidii, kwa sababu kile kioo cha mbele hakina rangi kwa mtu yeyote duniani. Kimeungua kama ngozi inavyoungua. Huwa haiumi papo hapo, inakuja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana ilikukuta usiku. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi tatu. Usisugue, usivae lenzi, kaa gizani, kitambaa cha maji baridi juu ya kope. Usitumie matone ya ganzi ya mtu mwingine, yanachelewesha kupona. Ila umesema jicho la kushoto bado. Siku ya ngapi leo?

#12 BabaTumaini

Ya nne. La kulia lilipona juzi.

#13 Nesi wa Zamu

Funga simu, nenda ukaonwe leo. Na nesi uliye naye nyumbani ameshakwambia hivyo, nina uhakika.

#14 BabaTumaini

Ameshasema mara mbili. Naenda.

#15 Bukavu hadi Bergen

Ndugu zangu, siye huku Norwe mwisho wa msimu ndiyo sikukuu yenyewe. Pasaka yote watu wako mlimani, kila begi lina machungwa na chokoleti ya Kvikk Lunsj, na skii zao si za kushuka, ni za kutembea. Njia zimechongwa, nyingine zina taa za usiku, na hulipi kitu kuingia. Vifaa unaweza kuazima bure kwenye vituo vya BUA, watoto wangu wanne wote walianzia hapo. Mwaka wa kwanza nilipitwa na mwanamke wa miaka themanini hivi. Aliniambia kitu kwa Kinorwe, sikuelewa, nilipojua lugha baadaye nikakumbuka: alisema nimevaa kulia kushoto.

#16 AlKhuwair

Sisi wa Maskati tunavuka kwenda Ski Dubai, ipo tangu 2005 ndani ya Mall of the Emirates, mteremko mrefu una mita 400. Nje ni digrii arobaini na ushee, ndani unatetemeka, ukitoka miwani inapofuka kwa joto. Mtu anayetaka tu watoto wajue kusimama kabla hajalipa nauli ya mbali, inatosha. Lakini hakuna chembechembe wala uji humo, ni ile ile mwaka mzima. Na hakuna mishkaki.

#17 MzeeWaMizani

Nafuta neno la chai. Jumla ilikwendaje? Taja namba, tumechoka na hadithi.

#18 BabaTumaini

Nyumba usiku mbili, tiketi za watu wanne siku mbili, kukodi vifaa, somo la watoto siku moja, mafuta: dola elfu moja mia moja na kidogo. Si hela ndogo. Chakula tulibeba chote, mkinunua cha mlimani mtalia. Kabla ya kuondoka kagua matairi pia, kwenye barabara kuu ya I-70 huku milimani sheria ya matairi ya theluji inaanza Septemba 1 hadi Mei 31. Sisi kule Denver kulikuwa na mvua tu, tulipotoka upande wa pili wa handaki theluji ikawa inaanguka kama pamba, na polisi kasimama. Watu wa Aprili ndio wanaonaswa, maana wanadhani imeisha.

Jicho: daktari kaona mkwaruzo mdogo, kanipa matone, kanipa na miwani nyeusi. Nesi wa Zamu, Mungu akubariki.

#19 Kitorondo

Bibi yuko wapi sasa?

#20 BabaTumaini

Amesharudi, wiki iliyopita. Samahanini kwa kuufufua uzi.

Jana asubuhi ya kwao alipiga simu ya video. Mlima ulikuwa umefunguka, akaigeuza simu nione. Weupe umebaki kidogo upande mmoja. Akasema alipokuwa msichana ulikuwa unashuka hadi pale, akaonyesha kwa kidole, kidole kikaziba kamera. Akawaita majirani waje wanione mimi niliyepigiwa makofi na Wazungu.

Kisha akamhamisha kila mtu pembeni, akasogeza uso karibu, akauliza kama yule mzee ameleta bakuli. Nikamwambia mama, yule hatumjui hata jina. Akasema basi mwakani twende wikendi ile ile, tuegeshe pale pale, na tusilipokee likiwa tupu.